Kizibo cha Mzeituni

Korčula, 4 Machi 1966

Mwanangu Dinka,

Nakusalimu wewe na mumeo, na wanao ambao nawajua kwa picha tu. Mama yako umsalimie kwa sauti, maana uliniambia sikio la kushoto limechoka.

Huku tumetoka katika bura kali, ule upepo wetu wa baridi. Upepo umeng'oa vigae vya jirani na kuviweka kwenye bustani yetu, na binti yangu Luce amekataa kuvirudisha mpaka aje kuvichukua mwenyewe, kwa sababu ya maneno ya tangu Krismasi. Kwa hiyo unaona, hakuna kilichobadilika kisiwani.

Mimi si mzima sana. Daktari amesema moyo umechoka na mapafu yanaingiza maji. Nilicheka. Akakasirika, akadhani namdharau.

Nakuandikia kwa jambo moja. Jiwe la ukoo wetu makaburini lilipasuka, na Tonči mchonga mawe anatuchongea jipya. Ameniuliza majina yaende vipi. Nilimtajia Babu, Bibi, na marehemu mke wangu. Akauliza, "Mwalimu, na kaka yako Vicko tunamweka au hatumweki?" Nikamwambia asubiri.

Niambie, mama yako bado havai nyeusi?

Baba yako mdogo,
Jerko Bonačić


Antofagasta, 29 Aprili 1966

Baba Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Pole na mapafu. Sisi wazima. Mume wangu bado yuko kazini kwenye reli, mtoto mkubwa ametuletea mchumba ambaye hajui kukaanga hata yai, na Mama amemwambia hivyo hivyo mezani. Kwa bahati Mama alisema kwa lugha ya nyumbani. Kwa bahati mbaya mtoto akatafsiri.

Unauliza kuhusu nyeusi. Havai. Wajane wote wa kwetu waliopo huku wanavaa nyeusi, na yeye ana miaka sabini na mitatu na bado anavaa gauni la maua. "Nyeusi ni ya mwanamke aliyefiwa," anasema. "Mimi nimeachwa."

Januari hii pia, siku ya Mtakatifu Vicko, alipika mchuzi wa samaki kama kila mwaka, akamwekea baba sahani mezani, akaiangalia mpaka ikapoa, kisha akampa mbwa. "Kula wewe," akamwambia, "una adabu kuliko yeye." Mpaka leo, meli ya Waitalia ikitia nanga, anashuka bandarini kuuliza kama wanamjua Vicko Bonačić, mrefu, ana kovu kidevuni. Wale vijana wanadhani amerukwa na akili.

Kuhusu jiwe, usiandike jina la baba. Ukiandika atasema mmemzika mtu anayekula tambi huko Ancona, kwa Waitalia, na mke mwingine.

Kuna jambo sijawahi kukuambia. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili, Lovro mwoka mikate alitaka kumwoa Mama. Alikuwa mtu mwema, alikuwa akiniachia mkate wenye zabibu dirishani. Padri akakataa: mume yuko hai, serikali yenyewe imeandika kwamba alitoroka kwa adui, hakuandikwa kuwa amekufa. Mama akarudi kwenye beseni la kufulia nguo za watu, na hajaliacha mpaka vidole vilipokataa.

Wewe ulikuwa naye asubuhi ile, Baba Mdogo. Sijapata kukuuliza. Je, alikuaga?

Mwanao,
Dinka


Korčula, 11 Juni 1966

Mwanangu Dinka,

Barua yako ilifika salama. Luce anakusalimu. Mizeituni imetoa maua mengi, na jirani amekuja kuchukua vigae vyake.

Hakuniaga. Aliniuliza swali, nikamjibu, akaenda. Nitakueleza moja baada ya jingine, maana nikifupisha nitakuwa najihurumia.

Unajua sisi ni wana wa fundi mashua. Vicko alipenda injini, mimi nilipenda mbao. Vita vya kwanza vilipoanza, jeshi la majini la Kaizari aliyetutawala lilituchukua wote wawili na kutuweka kituo kimoja cha mashua za kuruka, kaskazini mwa pwani hii. Bibi yako aliwasha mishumaa kwa shukrani, kwamba tuko pamoja. Vicko akawa rubani, mimi fundi wa mbao. Mashua yake ilikwenda mbali baharini kutazama meli za Waitalia, kuzihesabu, na kurudi kusema. Ilikuwa na mwili mwembamba wa mbao, mabawa ya kitambaa juu yake, na injini nyuma ya vichwa vya watu. Ikiwa majini ilielea kama bata, na Vicko akaiita hivyo, Bata.

Chini ya tumbo la Bata palikuwa na tundu la kutolea maji, lenye kizibo cha shaba cha kuzungusha. Akivutwa nchi kavu nilikifungua, akirudi majini nilikifunga. Kazi hiyo ilikuwa yangu peke yangu, na kila mara nilitia sahihi.

Februari 1916 bura ilivuma siku tisa, hakuna aliyeruka. Siku ya kumi bahari ikalala kabisa. Alfajiri nilishuka kumwandaa. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi. Kizibo kikaniponyoka, kikabingirika kwenye mteremko, kikazama. Nilipapasa chini mpaka maji yakanifika kwapani. Sikukipata.

Ghalani vilikuwapo vingine. Ningekwenda kwa sajini ningepewa kingine papo hapo, pamoja na siku kumi na nne za kufungiwa, maana shaba wakati ule ilikuwa haipatikani, na likizo yangu ya Pasaka ingefutwa. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nikajiambia kuwa baba yangu ameziba mashua mia kwa vizibo vya mti na hakuna hata moja iliyozama. Nikakata mpini wa nyundo yangu, mzeituni wa shamba letu, nikachonga. Cha kwanza kilikuwa chembamba. Cha pili kilikaa. Nikakilowesha, nikakigonga mahali pake kutoka chini, kikafura, kikakaza. Tone halikupita. Niliona fahari, Dinka. Nisikufiche.

Vicko akaja akitafuna mkate. "Wee profesa wa randa, mbona umelowa kama paka aliyetupwa bandarini?"

"Nimeteleza."

"Bata amekaza?"

"Amekaza. Unaweza kulala humo kama kitandani kwa Mama."

"Kitandani kwa Mama, aliyekuwa anakojoa ni wewe," akasema, akanipiga kofi la kisogo, akapanda. Mwenzake, Luteni Halmay, Mhungari mpole aliyekuwa na kazi ya kutazama na kuandika, akapanda na kikapu cha njiwa wawili, akakiweka chini miguuni. Njiwa walikuwa wa kuachiwa mashua ikipata shida baharini.

Sasa sikiliza kosa ambalo mtu asiyezaliwa kwenye karakana ya mashua asingelifanya. Mashua ya baba yangu haikutoka majini. Kizibo cha mti hukaa kimelowa siku zote, kwa hiyo hukaza siku zote. Lakini Bata alipanda hewani, tumbo lake likapigwa na upepo mkavu kwa muda wa saa mbili na nusu, injini ikimtikisa kama mtu mwenye homa. Ubao uliofura majini hunywea hewani. Nililijua hilo tangu nikiwa na miaka sita. Siku ile sikulikumbuka.

Nililikumbuka saa nne. Kile kizibo cha kwanza, chembamba, nilikuwa nimekiweka kimelowa juu ya jiko. Nikakichukua, kimekauka na kunywea, chepesi mkononi.

Zilikuwa zimekwenda mashua mbili. Saa sita ikarudi moja. Rubani wake akasema Bata alikuwa na bomba la mafuta lililopasuka, ametua baharini taratibu kabisa, maji shwari kama mafuta kwenye sahani, Vicko amewapungia kitambaa kwamba watatengeneza na kuja. Wakuu wakaamuru manowari ndogo iende kuwavuta. Mabaharia wake walikuwa ndiyo kwanza wameketi kula. Ofisa akasema, "Waacheni wamalize. Mashua haizami kwenye bahari kama hii."

Nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka kwake. Nilikuwa na kizibo mfukoni. Ningesema neno moja wangeacha sahani na kukimbia. Nilingoja wamalize. Ilikuwa supu ya maharage. Walichukua dakika arobaini.

Walipofika mahali pale hapakuwa na kitu.

Baraza la maofisa lilikaa. Mtu mmoja akakumbusha kwamba Vicko aliwahi kusema mezani, "Siku moja nitawapa Waitalia Bata huyu kwa sahani ya samaki." Wote walikuwa wamecheka siku ile. Mwingine akasema mtu anayezama huachia njiwa, na njiwa hawakurudi. Kikapu kilikuwa sakafuni, Dinka, pale pale maji yanapoingilia. Mwishowe wakaniita mimi. "Je, ingeweza kuingia maji?"

Nikasema, "Hapana, bwana. Nilikagua mwenyewe. Ilikuwa imekaza."

Kwa jibu hilo baba yako akawa mtoro. Mama yako alikuja kituoni na wewe mgongoni. Alinishika kola akaniuliza, "Shemeji, ameniacha?" Nikamwambia sijui.

Hayo ndiyo niliyokuwa sitaki kufa nayo. Msomee mama yako. Kwa sauti, kwenye sikio la kulia.

Jerko


Antofagasta, 20 Agosti 1966

Baba Mdogo,

Sisi wazima.

Barua yako nimeisoma jikoni, nimeisoma tena kanisani, na sasa iko chini ya unga. Sitamsomea Mama. Chuki yake kwa baba ndiyo inayomwamsha asubuhi na kumvalisha viatu. Ukimwondolea hiyo akiwa na miaka sabini na mitatu, utampa nini mahali pake? Dakika arobaini za supu?

Nakumbuka siku tulipoondoka kisiwani. Nilikuwa na miaka tisa. Ulitubebea sanduku mpaka melini. Ulinipa kalamu, ukaniambia niwe nasoma kwa bidii. Watoto walikuwa wamesimama gatini wakiimba, "Binti mtoro, binti mtoro," na wewe, mwalimu wao, ukawafukuza kwa fimbo. Nilikupenda kwa fimbo ile miaka arobaini na mitatu.

Unataka kufa umepumzika, na kazi ya kuvunja moyo wa Mama umenipa mimi. Usiandike tena.

Dinka


Korčula, 25 Agosti 1966

Mwanangu Dinka,

Salamu nyingi. Sijapata jibu lako. Luce huenda posta kila Jumanne na Ijumaa, na akirudi hapiti mlangoni kwangu, hupitia uani, nami najua kwamba hakuna.

Siku hizi nalala nimekaa, kwa mito mitatu. Nikilala chali maji yanapanda.

Nimefikiri kwamba labda hukuniamini. Barua ni maneno tu, na maneno yangu yana historia. Kwa hiyo natuma kifurushi pamoja na hii. Ndani yake kuna kile kizibo cha kwanza, chembamba. Nimekaa nacho miaka hamsini na miezi sita, kwenye droo ya daftari za wanafunzi. Mke wangu aliniuliza mara moja ni cha nini, nikamwambia ni cha pipa la divai.

Sina kingine cha kuonyesha. Nakusihi, mwanangu, kama mtu aliye ndani ya kisima. Msomee. Akinilaani nitaisikia laana yake kwa shukrani. Nisichoweza kukivumilia ni ile sahani ya samaki kila Januari.

Jerko


Antofagasta, 30 Novemba 1966

Baba Mdogo,

Shikamoo. Nilisema usiandike, lakini barua zetu zilipishana baharini. Kijana wangu ameoa. Mchumba sasa anakaanga mayai.

Kifurushi chako kilichelewa kuliko barua. Kilifika nikiwa sokoni, na kwa kuwa kimeandikwa Bonačić, Mama alikifungua. Nilimkuta ameketi mezani, amekishika juu kwenye mwanga.

"Mzeituni wa kwetu huu," akasema. "Na huu ni mkono wa Jerko. Anachonga akiegemea kushoto. Kizibo cha mashua gani, Dinka?"

Nikamwambia sijui. Akaniangalia. Baba Mdogo, wewe humjui Mama anapokuangalia hivyo. Nikatoa barua kwenye unga nikamsomea, sikio la kulia, kwa sauti, mpaka jirani akafunga dirisha.

Hakulia. Alisimama akaenda uani, akalivuta lile beseni lake la zamani la mbao, la kufulia. Kizibo chake cha chini kilipotea zamani, yeye alikuwa anaziba kwa kitambaa. Akazungushia kizibo chako utepe wa gunia mara moja ili kitoshe, akakigonga kutoka chini kwa kisigino cha kiatu, akajaza maji. Asubuhi kilikuwa kimefura. Nilijaribu kukivuta, sikuweza. Halafu akamwaga maji yote, akalipandisha beseni juu ya matofali mawili, kwenye upepo, akavuta kiti akakaa.

Unajua hapa hainyeshi. Nguo inakauka kabla hujaweka kibanio. Nilimwambia, "Mama, jua kali, ingia ndani."

"Niache. Nina miaka hamsini nakaa kumngoja huyo mwanamume, saa tatu zitaniua?"

Karibu na saa sita kikaanguka chenyewe. Hakuna aliyekigusa. Kilidondoka kwenye saruji, kikabingirika mpaka kwenye kiatu chake.

Akainama, akakiokota. Kisha akasema, polepole kama mtu anayesoma, "Hakuniacha."

Halafu akasema, "Mpumbavu mie. Vicko wangu, maji yanamfika magotini, na mimi nampikia mbwa samaki."

Jioni akanituma dukani. Mita nne za kitambaa cheusi. Ameshona mwenyewe, na vidole vile. Amevaa tangu Ijumaa, na wajane wa kwetu wamekuja kumpa pole, mmoja mmoja, kana kwamba habari zimefika jana kutoka kituoni.

Sasa maneno yake kwako. Nilimwambia ayapunguze, akasema niandike kama yalivyo:

"Shemeji Jerko. Kizibo nakuelewa. Ulikuwa mtoto, na wanaume wa kwenu mnadhani mzeituni unatibu kila kitu. Supu sikuelewi. Sijakusamehe. Sijui kama nitakusamehe. Barua si kitu, kalamu haina uso. Nenda ukaseme mbele ya watu wa kwetu, kwa mdomo wako, wakuangalie. Jina la mume wangu lichongwe. Ukimaliza niandikie, halafu ungoje neno langu. Na usithubutu kufa kabla halijafika. Umenifanya nisubiri, na wewe subiri."

Nimeandika kama yalivyo.

Dinka


Korčula, 22 Januari 1967, siku ya Mtakatifu Vicko

Mwanangu Dinka, na Shemeji Perina,

Nawasalimu. Luce anaandika, mimi nasema, maana mkono umekataa. Mwisho nitaandika mwenyewe.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, Tonči na Luce walinibeba kwa kiti cha jikoni mpaka makaburini. Bura ilikuwa inaanza. Watu walinifuata, wakidhani nimekuja kuchagua mahali pangu. Nikawaomba wakaribie, kwa kuwa sina pumzi ya kupaza sauti. Nikasema yote. Kizibo, jiko, supu, baraza. Ilichukua muda mrefu kwa sababu ya kupumzika katikati, na hakuna aliyenisaidia maneno.

Nilipomaliza, Frane wa kinu, ambaye nilimfundisha hesabu na kumchapa mara nyingi, akasema, "Mwalimu, mimi ulinichapa kwa kusema kwamba sikuvunja dirisha."

"Ulikuwa umelivunja," nikamwambia.

"Nililivunja. Lakini lilikuwa dirisha tu."

Akavaa kofia yake akaondoka, na wengi wakaondoka naye. Tangu siku hiyo hakuna aliyekuja kunitazama isipokuwa padri. Jirani wa vigae amemletea Luce samaki, akamkabidhi mlangoni, hakuingia. Ni sawa.

Tonči alibaki. Akauliza achonge nini chini ya jina. Nikamwambia: Alizama, 17 Februari 1916. Akauliza kama aongeze "kwa ajili ya nchi yake." Nikasema hapana, kwa ajili yangu, lakini hilo usilichonge. Amechonga leo asubuhi. Luce ameweka karatasi juu ya jina na kuisugua kwa kipande cha mkaa ili mlione. Karatasi imo ndani ya bahasha hii. Herufi ya V imeegemea kushoto kidogo. Tonči anasema ni jiwe. Mimi nadhani ni ukoo.

Nimeandika kwa mama wa Luteni Halmay pia, kwa anwani ya zamani. Barua imerudi.

Sasa kalamu ninayo mimi. Shemeji, nimefanya ulivyoagiza. Daktari alikuja jana, akashangaa kunikuta. Mito sasa ni minne. Posta ni Jumanne na Ijumaa, nami nimemwomba Luce apitie mlango wa mbele hata kama hakuna kitu. Leo ni Jumapili.

Nangoja.

Jerko